Sauti ya Mchezaji wa Tano

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana nakujua, hata ukiumwa unasoma umesimama jikoni. Mama anaendeleaje? Ule mguu wa kushoto bado unamsumbua akiinuka? Na mgongo wako je? Mimi mwili ni mzima, ila roho iko juu juu tangu Jumatatu, na chakula hakipiti. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hukimbilia kucheka, nami nikapata pa kujifichia.

Unajua kazi yangu ni kutengeneza gemu, ingawa majirani umewaambia narekebisha kompyuta. Hili la sasa linachezwa na watu watano kila upande. Wanne wanapigana, wa tano anawatibu, anawakinga na kuwainua walioanguka. Basi hakuna anayetaka kuwa huyo wa tano. Ofisini wanamwita yaya. Wanaotujaribia gemu wakishakaa tu, kila mmoja anakimbilia upanga, wanabaki kutegeana kama watoto mbele ya vyombo vichafu. Bosi akaniambia nihakikishe anapendwa kabla ya mwezi kwisha, la sivyo wanamfuta, na mimi niliyemtetea miaka miwili nitafute pa kwenda.

Nilihangaika, Dada. Nikamwongezea nguvu za kutibu, wakapiga miayo. Nikampa mavazi ya kung'aa, wakayasifia, kisha wakaenda kuchukua upanga. Mwisho nikamuuliza binti mmoja mpole, kati ya hao wanaotujaribia, kinachomkera ni nini. Akasema kazi yenyewe si mbaya, ila ukimwokoa mtu hata hageuki kukutazama.

Nikabadili mambo mawili. Wa tano akimkinga mwenzake, yule anasikia sauti sikioni: "Nipo nyuma yako, usiogope." Na wa tano akielemewa, anabonyeza kitufe kilichoandikwa Nipokee, na mmoja wa wale wanne lazima aweke upanga chini ashike zamu. Jumatatu tukajaribu. Weee! Watu wakaanza kugeuka, wakaanza kushukuru. Mhasibu wetu, mtu asiyecheka hata umtekenye, alicheza yaya raundi sita na akagoma kupokewa. Bosi kafurahi mno. Akaniuliza ile sauti ni ya mwigizaji gani, ili wamsainishe mkataba.

Dada, sauti ile ni yako.

Nimeitoa kwenye ule ujumbe wa sauti ulionitumia mwaka juzi, ulipokuwa unamfundisha mama kutembea upya. Sikukuomba ruhusa, na watu mia tatu wameshaisikia. Bosi nilimwambia ni ya rafiki yangu mmoja, nikakimbilia chooni.

Na kuna kibaya kuliko hicho. Ujumbe ule haukuishia hapo. Ulipomaliza na mama, ulisogea karibu na simu ukasema: "Mdogo wangu, nimechoka. Njoo unipokee, hata wiki moja." Niliujibu kwa alama ya kidole gumba na neno moja, pole. Baadaye hukuomba tena, nami nikajifanya sikuelewa. Nilielewa, Dada. Niliogopa kwamba nikija, sitaondoka. Juzi juzi nikiwa kazini nimeusikiliza ujumbe huo labda mara mia, nikakata kipande kile cha mwisho kwa mkono wangu, na neno lako nikalibandika kwenye kitufe, ili watu nisiowajua wapokewe papo hapo. Naona aibu hata kuandika.

Nimeweka humu karatasi ya ruhusa. Usiisaini kwa kunihurumia. Ukikataa, sauti naifuta siku hiyo hiyo, na bosi afanye atakalo.

Lakini ukubali ukatae, Jumamosi ya wiki ijayo nafika. Nimeomba likizo ya mwezi mzima, bosi kanuna. Fungasha nguo zako. Sijui kumwinua mama, dawa zake sizijui, na nina hofu nitamwangusha. Nielekeze siku moja tu, kisha uende unakotaka, hata kama utaondoka bila kunisemesha.

Mpe mama salamu zangu, na umwambie mwenyewe ninakuja, nisije nikaghairi.

Ni mimi mdogo wako ninayekuogopa na kukupenda,
Chiriku