Macho ya Mzee Viljoen

Berea, Johannesburg
3 Juni 2017

Baba mdogo, shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mama mdogo hajambo? Mimi mzima, ila nimechoka, na baridi ya huku inaingia hadi mifupani.

Msimu wa kuwinda umeanza, na karakana ya Mzee Viljoen haipumui. Wawindaji wanaleta maganda matupu ya risasi, yeye anayajaza upya: fataki ya kuwashia kitakoni, baruti, kichwa. Mimi nasafisha maganda na bunduki. Sasa wiki hii tukijaribu risasi zetu, ukishapiga tu, bolti, lile komeo la nyuma ya bunduki, haifunguki. Ganda linang'ang'ania ndani. Mzee anasema ni uchafu. Nimesugua hadi mabega yanauma, bado. Leo kaigonga kwa nyundo ya mbao. Wewe umebeba bunduki miaka yote ile ya uaskari wa wanyamapori. Hii ni nini?

Mwanao, Ishaka

Handeni, 4 Juni

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako nimeupata kwenye simu. Mguu ndio huo huo. Mama yako mdogo anakusalimu sana.

Acheni kupiga hizo. Jaribuni risasi za kiwandani kwenye bunduki hiyo hiyo. Zikitoka vizuri, ubaya uko kwenye ujazaji. Halafu tazama kitako cha ganda: fataki ikiwa imelala bapa, na shaba ina alama inayong'aa, basi nguvu imezidi. Nyundo haitibu hilo. Siku bunduki ikishindwa kuhimili, inamrudia mpigaji usoni. Mwambie mzee wako, hata akikasirika.

Baba yako mdogo, Bakiri

Berea, 6 Juni

Shikamoo baba mdogo. Poleni na shughuli.

Za kiwandani zimetoka laini. Zetu, fataki bapa zote. Nilipomwonyesha, Mzee akaenda kwenye mizani ya baruti.

"Ishaka, soma hapo."

Nikamsomea.

"Rudia."

Nikarudia. Akavua miwani, akajifikicha macho. Baba mdogo, alikuwa akiona namba nyingine kabisa. Baruti imezidi kwenye kila ganda.

Tumeziweka kando. Lakini boksi moja limeshaondoka na mwalimu mmoja, Bwana Mokoena. Kaenda kuwinda Limpopo na binti yake, na simu haipatikani. "Eish," Mzee akasema, "washa gari." Nitaendesha mimi. Tuombeeni.

Mwanao, Ishaka

Handeni, 9 Juni

Ishaka, uko wapi? Mama yako mdogo hali, halali. Niandikie hata neno moja.

Baba yako

Berea, 11 Juni

Shikamoo baba mdogo, nisamehe. Kule hakuna mtandao.

Tulizunguka mashamba mengi ya kuwindia kabla ya kuwapata. Bwana Mokoena alikuwa ameshapiga moja, ikakwama, akaigonga bolti kwa jiwe hadi ikafunguka. Kisha akaingiza nyingine. Tulipofika, bunduki ilikuwa begani kwa binti. Nilishuka gari likiwa bado linanguruma, nikapiga kelele kwa Kizulu, Kiingereza, hata Kiswahili. Binti akaishusha.

Mzee alisema, "Kosa ni langu." Bwana Mokoena akamshika kola, akamwachia, akaenda kukaa chini peke yake. Binti ndiye aliyetuletea maji ya kunywa.

Jana amefunga karakana, hatajaza tena. Amenikumbatia mlangoni.

Kuna jengo Hillbrow linatafuta mlinzi. Wameniuliza kama najua bunduki. Nimesema sijui.

Mwanao, Ishaka