Sindano Kwenye Utepe wa Akylai

Naryn, 4 Machi

Binti yangu Zuura,

Habari za huko? Mimi mzima kama farasi dume. Mama yako naye mzima, ila anasema ugonjwa wake ni mimi. Mjukuu wangu Akylai anaendeleaje?

Nasikia wanamwingiza kwenye mashine ya sumaku, wapige picha ya kile kivimbe nyuma ya jicho. Asiogope. Mimi nililala siku tatu chini ya theluji na mbwamwitu wawili, mmoja anakoroma, sikutikisika.

Na hayo mabadiliko ya vinasaba wanayotafuta, wayatafute kwa wakwe zako. Baba zangu saba, tangu baba yangu kurudi nyuma vizazi saba, nawataja wote kama ilivyo desturi yetu, hakuna aliyeumwa hata jino. Nimemwambia hivyo baba mkwe wako Asanaly, sokoni, watu wakisikia.

Baba yako Sagynbay

Bishkek, 11 Machi

Shikamoo baba,

Sisi hatujambo, ila picha imeharibika. Jicho lilipo pametokea doa jeusi. Daktari akasema mtoto ana chuma. Akylai akakana mpaka akalia: "Babu kasema nikitaja, nguvu inaisha." Tukafumua utepe wa nywele, tukakuta kisindano.

Baba, kile kipande cha uvimbe walichokata kina badiliko lenye dawa yake ya kumeza. Lakini dawa hawaanzi bila picha safi. Wanarudia Alhamisi, na lazima atulie karibu saa nzima.

Tena daktari anasema badiliko hilo halikurithiwa kwa yeyote. Limezukia humo humo kwenye uvimbe. Kamwone baba mkwe.

Mwanao Zuura

Naryn, 13 Machi

Zuura mwanangu,

Hujambo? Mimi leo sijambo kidogo tu. Sindano niliishona mimi, imkinge na jicho baya. Sikujua mashine nayo ni jicho.

Asanaly nimempelekea kondoo. Kondoo kampokea, mimi bado.

Mwambie Akylai mle ndani asihesabu dakika. Awataje baba zangu saba moyoni, polepole, kama anawaamsha.

Baba yako

Bishkek, 20 Juni

Shikamoo baba,

Ile picha ya pili ilitoka safi, dawa akaanza. Leo wamepiga nyingine: uvimbe umepungua karibu nusu. Jana alimwona kunguru juu ya paa kwa lile jicho bovu, akamtukana.

Ila analalamika. Saba wanaisha, mashine bado inagonga. Anauliza wa nane ni nani.

Mwanao Zuura

Naryn, 23 Juni

Zuura, mama wa shujaa,

Mama yako kasoma barua yako mara nne, akanipikia nyama bila kununa.

Wa nane wangu simjui. Nimekwenda kwa Asanaly kumwomba wa kwake. Kaniacha nimesimama mlangoni mpaka chai yake ikaisha, halafu akasema, "Rudia ulichosema sokoni, ila kinyume." Nikarudia, majirani wakisikia. Ndipo akanitajia wote saba. Nimewaandika nyuma ya karatasi hii.

Kwa farasi hawawafikii wangu, lakini kwa kulala kimya wanafaa. Sasa anao kumi na wanne. Mashine itachoka yenyewe.

Babu yake Akylai