Miwani Niliyomchagulia Sevasti

Pothia, Kalymnos
9 Oktoba 2018

Mpendwa Shangazi Themelina,

Shikamoo, Shangazi. Goti linasemaje? Binti yako Katholiki aliniambia siku hizi unatembea mpaka sokoni bila fimbo. Nilipomwambia Mama akafanya msalaba mara tatu, akasema, "Wifi yangu huyo atatuzika sote." Presha je, na joto la huko Darwin? Sisi hatujambo, kwa kadiri watu wenye msiba wanavyoweza kusema hawajambo. Mama anakula, si sana, lakini anakula. Kadi yako ya rambirambi ameiweka pale kwenye picha za watakatifu, na kila anayeingia anaonyeshwa.

Arobaini ya Baba imepita salama. Kanisa lilijaa, na ngano ya kuchemsha ya kumwombea marehemu ilitosha na kubaki. Nani alikuja na nani alijifanya mgonjwa, hayo Mama atakumwagia kwa simu Jumapili. Mimi nakuandikia jambo langu mwenyewe. Huku sina wa kumwambia, na wewe uko mbali, huwezi kunizaba kibao.

Nina wivu, Shangazi. Namwonea wivu Sevasti, dada yangu wa tumbo moja, na wivu wenyewe umenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Lile jiwe la Baba unalijua kuliko mimi. Ulikuwepo babu alipolichonga herufi mbili za jina la Baba, M na K, ili aanze kushuka nalo baharini, uzito wake ukimvuta chini, kutafuta sifongo. Unajua pia kamba ilivyokatika mbele ya Vlychadia, jiwe likabaki chini. Baba hakukubali litolewe. Alikuwa akisema, "Nililoiachia bahari ni la bahari." Ila uzeeni akaanza kutamani kuliona, kwa picha tu. Na wa kumpigia picha ni nani, kama si mimi, mwenye kamera ya chini ya maji? Mwaka jana nililitafuta kiangazi kizima kwa alama alizonipa. Nikalipata, lakini siku hiyo maji yalikuwa yametibuka hata mkono wangu siuoni. Nikamwahidi nitarudi. Nilidhani tuna wakati. Agosti akatutoka.

Hata machozi hayajakauka, Mama akatoa amri: siku ya arobaini, picha ya jiwe itakaa mezani kando ya ngano, na asiyetaka ahame kisiwa.

Sasa shida ikawa ndevu. Kwetu aliyefiwa na baba hanyoi mpaka arobaini iishe, na miwani ya kuzamia unaijua, inafunika macho na pua pamoja, na mpira wake lazima ulale juu ya ngozi tupu. Unywele mmoja chini ya pua ni mlango wa maji. Mimi nilikuwa na msitu! Nilijaribu kila miwani niliyo nayo. Nikapaka mafuta ya mgando mpaka nikanukia kama mtoto mchanga, nikajitosa pale gatini, nikatoka nimemeza nusu ya bandari. Wazee wa mkahawani walicheka mpaka kahawa ikawamwagikia. "Nomikos, nyoa au ugeuke pweza!" Kunyoa? Pothia nzima ingesema marehemu hata hajapoa, mwanawe keshajipaka manukato.

Mama akanitazama natema maji, akasema, "Basi. Atakwenda Sevasti. Sevasti hana ndevu."

Na kamera yangu! Kamera ambayo hata mke wangu haruhusiwi kuipangusa vumbi. Sevasti anafundisha chekechea, hajawahi kupiga picha ila za keki. Kuzamia anajua, hilo siwezi kumnyima, maana Baba alimfundisha mwenyewe angali mdogo na kumwita pweza wangu. Mimi nilijifunza kwa wageni. Siku niliyomletea Baba picha yangu iliyopata tuzo kule Rodos, aliigeuza huku na huku akaniuliza, "Samaki hawa wanaliwa?" Pweza wake akichora kaa kwenye karatasi, kaa huyo anabandikwa ukutani miaka kumi.

Miwani ya Sevasti ilikuwa ya zamani, mpira umekauka na kupasuka, kwa hiyo tukaenda dukani kwa mzee Sakellaris. "Nichagulie wewe, Kaka," akasema. "Wewe ndiye unayejua." Nikamfundisha: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, achia mikono, isipoanguka, imekukubali. Akasimama katikati ya duka, mikono juu kama mwizi aliyekamatwa, miwani imemganda, anacheka kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Nyingine zilimwangukia, nyingine zilimbana paji la uso. Mwisho zikabaki mbili.

Moja ilikuwa na mpira mweusi. Hiyo ndiyo ya mpiga picha, Shangazi. Ni ndogo, kioo chake kiko karibu na macho, kwa hiyo jicho linaifikia kamera vizuri, na weusi wake unazuia mwanga wa pembeni, unaona unachopiga. Ya pili mpira wake ulikuwa mweupe, unapitisha nuru kila upande. Hiyo ni ya mtalii wa kutazama samaki. Jua likiwa kali, mwanga unaingia ubavuni, unarudi kwenye kioo mbele ya macho, na kioo cha kamera hukioni tena.

"Chukua hii nyeupe," nikamwambia. "Ile nyeusi inakufanya kama jambazi."

Mzee Sakellaris akashusha miwani yake ya kusomea puani. "Nomikos, si ulisema ya kupigia picha?"

"Uza, mzee wangu, uza."

Sevasti akanibusu juu ya ndevu. "Ungekuwa si wewe, Kaka, ningefanyaje?"

Nilitaka nini? Nakwambia wazi. Nilitaka ashuke, apige picha za mapezi yake mwenyewe, apande aseme, "Mama, kazi hii ni ya Kaka." Arobaini ingepita meza ikiwa tupu, mimi ningenyoa, ningeshuka, na picha ya Baba ingekuwa yangu. Lakini nisikie: kile kioo nilimsugulia kwa dawa ya meno, nikasuuza, nikasugua tena, maana kioo kipya kisiposuguliwa hufanya ukungu, na ukungu chini ya maji ni hatari. Mimi ni mwenye kijicho, si muuaji.

Tukaenda Vlychadia asubuhi, bahari imetulia, jua kali kama nilivyolitaka. Aliyeshuka naye ni Stergios, mwalimu wa kuzamia aliyehamia hapa kutoka Thesaloniki, hana msiba wowote, kidevu kinang'aa. Mimi nilibaki kwenye boti nikitazama mapovu na kujikuna. Nilikuwa nimewaonyesha alama zote, na jiwe nililipata mimi. Nilijiambia hivyo tangu waliposhuka mpaka walipopanda.

Sevasti aliibuka analia. "Nimezishika herufi, Kaka! M ya Baba nimeishika kwa kidole!" Nikampokea kamera kabla sijampokea yeye. Picha zake zilikuwa nusu ya jiwe, kidole, pezi, maji matupu, kidole tena. "Sikuona kitu," akasema. "Mwanga ulinijaa machoni." Nikamwambia pole, na pole hiyo, Mungu anisamehe, ilinitoka tamu kama asali.

Ndipo Stergios akavua mapezi, akasema polepole, "Nami nilipiga moja." Alikuwa na kamera ndogo ya kufungia mkononi, kitu cha kuchezea.

Shangazi, utaiona mwenyewe. Sevasti amepiga magoti mchangani, kiganja juu ya zile herufi, ameinua uso. Nuru imepenya mpira mweupe kutoka pande zote mbili, imemwangukia mashavuni, na macho yanaonekana wazi, makubwa. Ni macho ya Baba akitazama bahari asubuhi. Angevaa nyeusi uso ungekuwa shimo la giza. Mimi mwenyewe huwafundisha wageni kila kiangazi: anayepiga avae nyeusi, anayepigwa avae inayopitisha nuru. Nilijua, nilijua kabisa! Haikunipitia akilini kwamba kuna mtu atampiga yeye. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami niliingia na ndevu zangu zote.

Siku ya arobaini picha ilikaa mezani kando ya ngano. Mama aliishika kwa mikono miwili mbele ya watu. "Macho ya Mikes haya," akasema, na tangu mazishi sikuwa nimemsikia akilitaja jina la Baba bila kuvunjika sauti. Watu walipita mmoja mmoja wakiibusu picha ya dada yangu kama ya mtakatifu. Mimi nilikuwa nagawa ngano.

Hayo ningeyameza. Lakini Sevasti akasimama, na Stergios alikuwa keshamweleza mambo ya nuru, akatangaza, "Miwani alinichagulia Kaka. Angenipa nyingine, uso usingeonekana. Alijua!" Wee! Watu wakanipiga mgongoni. "Jicho la fundi!" "Mwana wa Mikes huyu!" Mzee Sakellaris alikuwa mbele yangu na kisahani chake cha ngano, ananitazama, anatafuna. Aliongeza kijiko cha pili, akaenda zake.

Kesho yake nilinyoa. Mama akaniangalia uso, akasema, "Umekonda. Nilidhani ni ndevu, kumbe." Akaendelea kukunja nguo. "Wivu ni kidonda, mwanangu, ukiushiriki utakonda." Sikumuuliza ameambiwa na nani.

Nikavaa miwani yangu nyeusi, nikashuka. Maji yalikuwa kama kioo. Nililizunguka lile jiwe mpaka hewa ikakaribia kuisha, nikapiga picha ambayo sijawahi kupiga mfano wake: M na K kama zimechongwa jana, na samaki mdogo mwekundu anachungulia kwenye tundu la kamba. Nikampelekea Mama. Akasema, "Nzuri, mwanangu. Jiwe zuri." Akaiweka kwenye droo ya vitambaa vya meza. Jiwe zuri, Shangazi! Kana kwamba nimemletea kutoka machimboni.

Nilipokuwa kule chini niliweka kiganja pale alipoweka Sevasti. Palikuwa baridi, na hakuna aliyenipiga picha.

Nimetia picha mbili kwenye bahasha. Yangu ndiyo kali zaidi, hata Katholiki asiyejua kamera ataona. Ukutani kwako, pale walipo babu na bibi, nakumbuka pana nafasi ya moja tu, na najua itakuwa ipi. Basi kabla hujaigongelea msumari, igeuze. Nyuma nimeandika kwa kalamu: Picha, Stergios. Miwani, Nomikos.

Nisalimie Katholiki na mumewe, na umbusu mjukuu wako Nikitas mashavu yote mawili. Mwambie akija kiangazi nitamfundisha kuzamia mimi mwenyewe, asithubutu kwenda kwa Sevasti. Mama anakusalimu sana, Sevasti naye anakusalimu na anakutumia asali ya maua ya mlimani, ile uipendayo. Mungu akupe miguu mizima na usingizi mwema, na atukutanishe tungali tunaonana kwa macho, si kwa picha.

Mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye hata kama ya kwangu utaiweka drooni,

Nomikos