Figo za Baba Hazina Neno

Jumamosi, jioni. Joto tangu asubuhi, na vumbi la malori limeingia mpaka kwenye kopo la majani ya chai. Nimechoshwa na ukoo wangu, nimechoshwa na madaktari, na zaidi ya wote nimejichosha mwenyewe.

Acha nieleze.

Jumatano kaka yangu Wandera alimpeleka Baba kliniki moja huko Tororo. Baba ana kisukari kwa miaka mingi sasa, na siku hizi analalamika kwamba miguu yake imekuwa kama ya mtu mwingine. Daktari akampima, akaandika karatasi, akawaambia warudi baada ya wiki mbili. Kueleza, hakueleza. Au alieleza kwa Kiingereza cha haraka na Wandera akaitikia tu, kama tunavyoitikia sote.

Walipotoka, Wandera akanipigia simu. Mimi ndiye mwalimu wa sayansi katika familia, nakaa hapa Busia upande wa Kenya, na kila karatasi ya hospitali huishia kwangu. Mtandao ulikuwa unakatika. Akanitajia neno herufi moja moja. Nikasikia N, E, kisha kelele, kisha R-O-P-A-T-H-Y. Nikaandika kwenye simu, simu ikanimalizia yenyewe: nephropathy. Ugonjwa wa figo.

Sikumwomba arudie. Nikawatangazia watu wote kwamba figo za Baba zinakufa.

Alhamisi, Senge Nabwire, dada yake Baba anayeishi naye Buhehe, upande wa Uganda, alikuwa ameshalia hadi sauti ikakauka. Akamnyima Baba chumvi na maharage. Ijumaa tukajadiliana kwenye simu: nani atatoa figo? Hakuna daktari aliyesema figo inatakiwa! Tuliamua wenyewe. Wandera akasema ana watoto wadogo, kisha akazima simu. Nikamtumia ujumbe mrefu nikimwita mwoga.

Na mimi je? Siku hiyo hiyo nilisimama mbele ya darasa nimejishika mgongo, chini ya mbavu, nikiomba kundi langu la damu liwe tofauti na la Baba.

Nimeliandika. Basi.

Mwenye mwili alikuwa mtulivu kuliko sisi sote. "Mimi nakwenda wapi na figo ya mtoto?" alisema. "Wacha hiyo maneno. Nipe maharage."

Leo asubuhi nilivuka mpaka nikaenda Buhehe. Nikamkuta Baba ameketi mlangoni na viatu vyake vya kanisani na soksi nene, nikamwomba ile karatasi. Mwandiko mbaya, ndiyo. Lakini U ni U. Neuropathy.

Neva! Kila mwaka nachora ubongo na uti wa mgongo ubaoni, nachora neva zikitawanyika mpaka kwenye vidole, nawasumbua watoto wa watu wakariri milango mitano ya fahamu. Nawafundisha pia kwamba kongosho ndilo linalotoa homoni ya kutawala sukari. Na yote hayo hayakunisaidia kuuliza swali moja: "Kaka, hebu rudia?"

Nikampakia Baba kwenye bodaboda mpaka kituo cha afya. Nikamsimulia muuguzi habari ya figo. Akasoma karatasi, akanitazama.

"Nani alisema figo?"

Nikainua mkono, kama mwanafunzi.

"Hizi ni neva za miguu, dada. Sukari imeziharibu. Mzee hasikii maumivu huko chini. Mmemkagua nyayo?"

Siku tatu tulizungumza juu ya kiungo kilichojificha tumboni, na hakuna hata mmoja wetu aliyemvua soksi.

Msumari ulikuwa umetoboa soli ya kiatu cha kushoto na kumchoma chini ya kidole gumba. Kidonda kilikuwa kimeanza kutunga usaha. Baba alikitazama kama mtu anayeonyeshwa mali ya jirani.

"Hii ya lini?" akauliza.

Muuguzi alikisafisha, akakifunga, akampa dawa. Alisema kama tungengoja zile wiki mbili, pengine wangekata kidole, pengine mguu. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi. Nilitaka afoke.

Natafuta wa kugombana naye. Yule daktari wa Tororo, ingemgharimu nini kuandika, "Neva za miguu zimekufa ganzi, mkagueni nyayo kila siku"? Lakini Wandera alitaja herufi zote sawasawa. Aliyekisia ni mimi.

Tuliporudi nyumbani, Senge alilia upya, safari hii kwa furaha, akaenda kubandika maharage. Mimi nikapima maji ya vuguvugu kwa kiwiko, kama nilivyoelekezwa, nikauosha mguu wa kulia, ule mzima. Nikapitisha vidole kwenye wayo wote, nikaupangusa, nikakausha katikati ya vidole. Baba alikuwa akitazama watu wanaopita barabarani.

"Mwalimu," akasema, "utaanza saa ngapi?"

Nilikuwa nimeshamaliza.

Wandera bado hajawasha simu. Kesho baada ya kanisa nitamfuata kwake Malaba. Nitamwambia kosa lilikuwa langu, na kwamba nami niliogopa.