Vikonyo vya Mstafeli wa Bibi Yako

Kijiji cha Nkoma,
Itilima, Simiyu.
8 Septemba 2024

Mpendwa mke wangu mdogo Faraja,

Mwangaluka, mke wangu! Hujambo huko Ifakara? Yule mpinzani wangu Kristofa anakutunza, au nije kukuchukua? Na kitukuu changu Winnie, ameshaanza kutembea? Sisi wazima, ila magoti yangu hayataki tena kusikia habari za jembe. Pamba tumeshauza, mvua bado.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu bibi yako macho yamefifia, lakini masikio yake yanasikia mpaka ya zizini. Ni mtoto wa jicho. Mwezi ujao tunampeleka Mwanza kufanyiwa upasuaji, na daktari ametupa matumaini makubwa. Nafurahi sana, na hapohapo naogopa atakachokiona.

Ule mstafeli wake, aliouotesha kwa mbegu aliyokuja nayo kutoka kwao Ukerewe, mchwa wameumaliza. Unajua Nkoma nzima hakuna mwingine. Kabla haujakauka nilikata vikonyo, vile vijitawi vya kupandikiza, nikavibebesha kwenye miche ya mitopetope iliyo kwenye makopo kama tulivyofundishwa na bwana shamba. Vilikaa vizuri, nikavifunga kwa nailoni. Ningeishia hapo! Lakini mimi ni mtu wa ng'ombe, nikiona kidonda mkono unakwenda wenyewe kwenye samli. Nikavipaka vyote, kama ndama aliyechanwa na miiba. Kulipokucha sisimizi walikuwa wamejaa, wametafuna kila chipukizi. Hakikupona hata kimoja.

Bibi yako hajui kwamba vimekufa. Kila asubuhi anakaa kwenye kigoda mbele ya makopo yale na kuuliza, "Baba Danford, wanangu wameamka?" Nami namjibu, "Bado wamelala, Mama Danford." Anacheka, anawamwagilia maji kwa kupapasa. Faraja, moyo unaniuma.

Uliobaki ni ule mche niliokubebeshea ulipoolewa. Nakuomba ukate vikonyo vyenye unene wa penseli, uvipukutishe majani, uvifunge kwa gazeti lililoloweshwa, utie kwenye mfuko, kisha umpe mtu wa basi. Nitavipokea Bariadi mwenyewe. Safari hii samli itabaki jikoni, naapa.

Ila nimeona kwamba tangu mwaka jana nikiuliza habari za mche wako unageuza mazungumzo. Kama ulikufa, niambie tu, mke wangu. Hakuna atakayekugombeza. Hilo la vikonyo nitamwambia bibi yako kwa kinywa changu kabla hatujapanda gari la Mwanza, na akinuna ataninunia mimi.

Lakini hata kama huna kikonyo cha kutuma, usikose kuja. Juzi nilimuuliza akifunguliwa macho anataka kuona nini kwanza. Nilikuwa najikaza kusikia habari za mstafeli. Akasema, "Winnie. Mlipomleta Pasaka nilimpapasa uso tu. Namjua kwa vidole."

Basi mlete.

Baba yako Danford anakusalimu, na shangazi yako Justina pia. Nisalimie mama mkwe wako Benedikta na wote wa hapo nyumbani. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape afya na njia nyeupe ya kuja kwetu.

Wako akupendaye, mume wako mzee,
Babu Nyanda