Hamira Iliyokataa Kuota Kwenye Baridi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Na unga, unaumuka vizuri, au baridi ya ziwa asubuhi bado inauchelewesha? Mimi ni mzima, ila huku Uingereza jua linatoka kama mgeni asiyetaka kukaa.

Uliniuliza hasa ninafanya kazi gani. Usicheke: nachezea hamira. Hiyo hiyo ya kopo iliyojaa madukani siku hizi, unayoumulia maandazi yako ya stendi ya Buzuruga. Ndani yake mna vitu vidogo mno viitwavyo jeni, kila kimoja na kazi yake, ila kazi zenyewe nyingi hazijulikani. Basi tunaharibu jeni moja, halafu tunatazama hamira imeshindwa nini. Ikishindwa kula sukari, tumeanza kuijua kazi ya ile tuliyoiharibu. Baba, aliyenichapa nilipong'oa skrubu ya cherehani yake nione itakataa nini, asikie hayo!

Mwezi uliopita niliharibu moja, hamira ikaota kama kawaida. Nikasema hii jeni haina kazi, nikataka kuitupa sahani nzima niliyoioteshea. Mwalimu wangu akanizuia: "Iweke kwanza kwenye baridi." Nikaiweka. Hamira nyingine, ambazo hatukuziharibu, zikaota taratibu. Yangu haikuota kabisa. Kumbe ile jeni ina kazi, ila ni ya siku za baridi.

Jioni yake nikapata barua uliyomwandikisha mdogo wangu Minza. "Nyumbani hakuna kilichoharibika, mwanangu. Kazi zako zote anafanya Minza. Wewe soma." Nilifurahi, Mama, kisha nikajifungia chooni nikalia. Nimewakumbuka mno. Mwalimu anataka nibaki miaka miwili zaidi, na anasubiri jibu langu.

Msalimie Baba. Huyo Minza mwambie mwandiko wake umenyooka siku hizi. Wasalimie mama mkubwa wa Buswelu na watoto wake, na jirani yetu hapo Pasiansi anayeazima sufuria na kusahau kwamba si yake.

Ila Mama, usinijibu habari za siku njema. Niambie ya masika, kuni zimelowa, kifua kimekubana, wateja wanasubiri: nani anakupulizia moto? Minza anaogopa moshi, namjua. Ukiniambia yupo wa kupuliza, nitabaki. Ukikaa kimya juu ya hilo, nakuja.

Mwanao anayekuwaza,
Kabula