Fomu ya Wana wa Nyumbani

Daraja Mbili, Kisii
Jumatano, 14 Mei 2025

Kwa kaka yangu mpendwa Zubair,

Assalaam aleikum, wewe na shemeji na wote mlio chini ya paa lenu huko Isiolo. Natumai kile kikohozi kimekuachia usingizi, na kwamba bado unabishana na redio kila asubuhi. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mke wangu Janat anakusalimu sana, na anasema zile tende ulizotuma hazikufika jikoni. Aliyezimaliza njiani ni mimi. Mvua haikatiki, ndizi zimejaa sokoni, na duka langu la viatu vya mpira linaenda vizuri.

Utashangaa kuona barua katika siku hizi za simu. Nimekupigia mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza bei ya mbuzi. Karatasi haitanikatiza, na tena hutasikia sauti yangu ikitetemeka.

Nakuandikia juu ya mwanao Ayan, anayekaa nasi hapa. Ni mzima, anakula, anaswali. Uliponiuliza kwa nini hadaki tena langoni mwa timu yetu nilikwambia ni goti. Kaka, goti lake halina neno. Nilikudanganya, na nakuomba usome polepole nikueleze.

Unajua jinsi mji huu unavyoipenda Getembe Wanderers. Mwaka jana viongozi wa klabu walileta wachezaji saba kutoka nje: Waganda wawili, Mkameruni mmoja, na wengine Waghana. Mwanzoni mji mzima ulifurahi. Timu ilipoanza kufungwa, kila mtu akawa na la kusema. Wakasema wageni wanakula nafasi za vijana wetu. Timu ikishinda, hao hao wakawa wanawabeba Waghana mabegani hadi stendi.

Nawe unanijua, pua yangu haitulii. Nikaanza kwenda mazoezini kuuliza maswali. Kuna Mghana mmoja anaitwa Yaw, anakula ugali wetu wa obokima na mboga za chinsaga kuliko mimi, na akina mama sokoni wanamwita mwana wao. Nilimuuliza kama kwao pia wanagombania jambo hili. Alicheka sana. Akasema kijiji chao kizima hulalamika kwamba timu ya mjini kwao imejaa watu wa Burkina Faso. Nikamuuliza Nyangau, winga wetu wa kutoka Kenyenya, mwana wa nyumbani kabisa, anaota nini. Akaniambia anaota Zambia, na kwamba akiitwa hata kesho hatamalizia chai. Nilirudi dukani kichwa kikizunguka, nikijiuliza mgeni ni nani hasa, na wa nyumbani ni yupi.

Basi mwezi wa tatu mashabiki tulikutana. Mwenyekiti wetu ni Abner Omwenga, yule wa duka la vifaa vya ujenzi, na mimi ndiye katibu kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Abner alisema tusipoenda uwanjani mechi mbili tu, viongozi watatusikia. Na kweli walitusikia. Ikakubaliwa kwamba wageni wasizidi watano kikosini, na wengine wote wawe wana wa Kisii na Nyamira. Ili pasiwe na ujanja, kila mchezaji ajaziwe fomu, na watakaozidi watano wakae nje hadi msimu uishe.

Hapa kwetu, kama unavyokumbuka, mtu akikutana nawe mara ya kwanza hukuuliza nyumbani ni wapi. Ukimwambia ni mjini anatabasamu, kisha anakuuliza tena, nyumbani hasa ni wapi. Fomu yetu ilikuwa hivyo hivyo. Swali la kwanza jina, la pili kijiji cha baba, la tatu babu yako alitoka wapi. Vijana walijibu bila kufikiri. Huyu Masimba, yule Kenyenya, mwingine kilima fulani nyuma ya Keroka. Wawili hawakuzaliwa huko wala hawajui njia ya kufika, lakini waliandikwa na wakapita.

Waganda walivunja mkataba wakaenda zao, wakabaki wageni watano, tukadhani mambo yamekwisha. Orodha ilipobandikwa, wageni walikuwa sita, na wa sita alikuwa Ayan. Lango akapewa Nyangate wa Sironga, kijana mwenye adabu, lakini mipira inampita kama wateja wanaopita duka lililofungwa. Nilimwendea Abner. Akaniambia kwa upole kwamba anampenda Ayan, amemuona tangu akicheza bila viatu, lakini fomu imesema ilivyosema, naye hawezi kumtoa mwana wa mtu mwingine kwa sababu ya mwana wa katibu.

Ayan hakulalamika. Aliendelea kufanya mazoezi peke yake kando ya uwanja, akidhani kocha amemchoka. Wiki iliyopita timu moja ya Mwanza ilimuita, na anatakiwa kuondoka Jumatatu. Nilimuuliza kama anataka kwenda. Alisema hataki. Alisema anataka kudaka hapa, mbele ya watu wanaojua jina lake, lakini kama ni kuitwa mgeni, afadhali akaitwe huko ambako itakuwa kweli. Kaka, maneno hayo yalinichoma.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Swali la tatu lilikuwa langu. Abner alitaka kijiji tu. Mimi ndiye niliyesimama nikasema kijiji mtu anaweza kukikodi, tuulize na babu. Watu walinipigia makofi, na nikaona raha.

Na fomu ya Ayan niliijaza mimi. Siku ile alikuwa Nyamira kwa mechi ya kirafiki, nikasema najua habari zake zote, nina haja gani ya kumngoja. Jibu nilikuwa nalo. Babu yake ni baba yetu, Mzee Mohamednoor, aliyezaliwa hapa, na tulimzika hapa mimi na wewe. Wewe ndiye uliyekuwa ukimshika mkono kila alipoenda kuhojiwa kwa ajili ya kitambulisho, naye akijibu Kisii, Kisii, mpaka sauti ikamkauka. Lakini mbele yangu kulikuwa na fomu za watu wenye vilima na mashamba, na sisi tuna mtaa tu. Nikaona haya. Nikakumbuka hadithi tulizosimuliwa siku za Idd, za yule babu wa babu aliyeletwa huku kama askari, na bunduki ya Mwingereza begani. Bila kulazimishwa na mtu, kwa mwandiko wangu mzuri, nikaandika Sudan. Nilijiona nimeandika kitu kikubwa.

Abner anasema orodha inaweza kurekebishwa Jumamosi, mradi aliyekosea asimame mbele ya wanachama na kusema. Nitasimama. Watanicheka, na huenda ukatibu ukaniponyoka. Nimekubali yote. Kama Ayan atakwenda Mwanza, aende kwa kupenda kwake.

Yeye mwenyewe nimemwambia leo asubuhi. Alikuwa uani akianika glavu zake. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe, na nikangoja anipigie kelele. Hakupiga. Alitundika glavu ya pili, kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza njia, Sudan iko upande gani. Niliinua mkono nimwonyeshe. Nikauelekeza upande wa vilima vya Manga, nikageuka kwenye barabara ya Keroka, nikageuka tena. Kaka, nilisimama pale uani, kidole kikiwa hewani, nisijue pa kukielekeza.

Nisamehe, na barua hii ikikufikia kesho kwa basi, umpigie mwanao simu kabla ya Jumamosi, maana sauti yako ataisikia kuliko yangu. Msalimie shemeji na watoto, na jirani yako yule mwenye ngamia. Mola atukutanishe kwa heri.

Ni mimi mdogo wako,
Sabir Mohamednoor